"No te paltees": Kihispania cha mtaani kinajifunzika kwa vitabu?

Parachichi_Rungwe

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu, nafanya kazi kwenye kituo cha kukusanya na kupakia parachichi. Napanga Hass kwa saizi kwenye katoni za kilo 4, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa pia daftari la mizigo. Mwezi wa tatu tuliletewa mtaalamu kutoka Peru kutufundisha kupogoa miti na kubebesha miche. Tunamwita Inge, mwenyewe alituambia kwao ndivyo wanavyomfupisha "ingeniero". Kiswahili ndiyo kwanza anaanza. Kiingereza anacho kidogo, nami ninacho kidogo.

Kihispania nilikianza kabla hajaja. Nilinunua kitabu cha mtumba pale Kabwe, Mbeya, shilingi 4,000. Kimechapwa Madrid, kina mazoezi na majibu yako nyuma. Nilikimaliza kwa mwaka mmoja na miezi minne, usiku baada ya kazi, na sikuruka zoezi hata moja. Vitenzi nanyambua mpaka vile vya "vosotros", ile "ninyi" ya Hispania. Siku Inge alipofika nikamwambia "¿Cómo está usted, señor?" Alifurahi mno, akanijibu polepole, tukaelewana. Usiku ule nililala nimeridhika kabisa.

Kesho yake akapigiwa simu na mdogo wake kutoka Lima. Wakuu, sikushika sentensi hata moja. Nilisikia "ya pe", "sí pe", "al toque", "chamba", na katikati yake sauti inapita kama maji ya Kiwira. Nilirudi kwenye kitabu nikatafuta "pe". Haimo. "Chamba" haimo.

Lililonifanya niandike hapa limetokea wiki iliyopita. Gari la friji lilichelewa. Mvua za Tukuyu mnazijua, barabara ya kuingia kwetu ilikuwa tope tupu, katoni zimeshapangwa, na mwenye daftari ni mimi. Nilikuwa situlii. Inge akanipita, akanigusa bega, akasema: "No te paltees, pe." Sasa "palta" ninalijua. Kitabu changu kinasema parachichi ni "aguacate", lakini yeye tangu siku ya kwanza anasema "palta". Kwa hiyo mimi nilichosikia ni kitu kama "usijiparachichi". Nikaamini ananikataza kugusa mzigo. Nikaacha kupanga, nikakaa pembeni karibu nusu saa, na gari lilipofika ikatubidi tukimbizane na muda. Jioni ndipo akanieleza: alikuwa ananiambia nisiwe na wasiwasi.

Iliniuma. Maneno machache tu ya kunifariji, na mimi niliyafanya katazo.

Nikaagiza kitabu cha pili kupitia mtu wa Dar, kinaitwa cha misemo ya mtaani. Nimefika ukurasa wa 60. Kina "guay", "mola", "flipar", "currar". Nikimwambia Inge anaelewa, lakini anasema hayo ni ya Hispania, kwao Peru kitu kizuri ni "bacán" au "chévere", na kazi ni "chamba", siyo "curro".

Swali langu: lugha ya mtaani inajifunzika kwa kitabu kweli? Kama inajifunzika, kitabu cha aina gani, na kinasomwaje? Inge anaondoka mwezi wa tisa. Nataka kabla hajaondoka nimsikie akiongea kama anavyoongea na mdogo wake, na nielewe.

Chipukizi_Kabwe

Dada achana na vitabu. Tamthilia za Kimexico zipo kila siku kwenye TV, kaa uangalie. Mtaa haujawahi kuandikwa kitabuni.

Parachichi_Rungwe

Ahsante kaka. Zile tunazoziona huku zimeingizwa sauti za Kiswahili au Kiingereza, Kihispania chenyewe hakisikiki. Na video za mtandaoni kwetu ni mpaka upande kilimani, bando linaisha kabla hujamaliza moja. Vitabu ndivyo vinavyokaa na mimi hata umeme ukikatika.

Msafiri_Ruaha

Dada, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kazi ulikuwa hivyo hivyo. Naongoza watalii Ruaha, naishi Kihesa hapa Iringa. Kihispania changu chote kilianza na vitabu, na mpaka leo vitabu ndivyo mwalimu wangu mkuu. Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: inawezekana. Ila kile kitabu cha misemo ni kama mtu amekumwagia gunia moja lenye mbegu za mahindi, maharage, ulezi na ngano pamoja. Mbegu zote ni nzima. Lakini hujui ipi ni ya shamba lipi.

Nikupe mfano unaonihusu. Nimekulia karibu na misheni ya Tosamaganga, utotoni nilitumikia altareni. Katika kitabu changu cha kwanza nilikuta "hostia", na maana yake hostia ile ile tunayoijua Wakatoliki, hata neno halikubadilika. Nikafurahi, nikapita. Siku moja niko na familia kutoka Valencia, tembo dume akatokea ghafla kichakani karibu na Mto Ruaha, na baba wa ile familia akapiga kelele "¡Hostia!" Nilidhani anasali. Jioni mke wake akanieleza kwa aibu kwamba kule kwao ni neno la kushtuka au la hasira, ni zito, na wenye adabu wanalizungusha wanasema "¡ostras!", yaani chaza, wale wa baharini. Tangu siku ile nalisikia na kulielewa, lakini mdomoni mwangu halijatoka wala halitatoka. Hapo ndipo nilipojua kuna maneno ya masikio na maneno ya mdomo. Ya masikio yawe mamia. Ya mdomo hata kumi yanatosha kwa kuanzia.

La pili lilikuwa baya zaidi. Kitabu cha Hispania kinakufundisha "coger", kushika au kuchukua, na Wahispania wanalitumia asubuhi mpaka jioni: kuchukua basi, kuchukua mwavuli, kuchukua mtoto shuleni. Mimi nikawaambia wageni wa Argentina kwamba sasa tutakwenda "coger" gari. Gari zima likanyamaza. Argentina na Mexico neno hilo ni la chumbani. Kulikuwa na bibi mtu mzima kwenye kundi lile, na ndiye aliyenisaidia, akanivuta pembeni akasema nitumie "tomar" au "agarrar", popote nitakapokuwa sitakosea. Nilimshukuru sana yule mama. Kitabu changu hakikukosea, Madrid ingekuwa sawa kabisa. Ila hakikuniambia kwamba kinaongea kwa niaba ya nchi moja tu, na lugha yenyewe ni rasmi katika nchi ishirini hivi, mpaka Guinea ya Ikweta hapa hapa Afrika.

Sasa kitabu cha aina gani. Mimi kilichonifungua masikio ni riwaya ya upelelezi iliyoachwa kambini na mgeni, imejaa watu wanabishana baa, wanagombana ngazini, wanapigiana simu. Achana na maelezo ya mandhari, fuata alama za mazungumzo. Mahali watu wanapokunywa, wanapokasirika au wanapoomba pesa, hapo ndipo mtaa ulipo. Tamthilia ya jukwaani ni nzuri pia maana yote ni maneno ya midomo. Na katuni za magazeti. Jambo moja tu: kabla hujafungua, tazama mwandishi ni wa wapi na hadithi inatokea mji gani, uandike kwa penseli ukurasa wa kwanza.

Ukisoma hivyo utagundua kitu ambacho kile kitabu cha misemo hakikupi. Usianze na maneno makubwa makubwa. Anza na yale madogo yanayojaza nafasi: "pues", "es que", "o sea", "venga", "hombre". Ndiyo yanayokupoteza mtu akiongea haraka. "Es que" ni mtu anaanza kujitetea, kama sisi tunavyoanza na "si unajua…". "Venga" ni "haya". "Hombre" maana yake mwanamume, lakini mwanamke anamwambia mwanamke mwenzake "¡que no, hombre!", na hapo fikiria sisi: wanawake wawili sokoni Mashine Tatu, mmoja anamwambia mwenzake "acha bwana". Hakuna bwana pale. Neno limeshaacha kazi yake ya zamani, sasa linabeba hisia tu.

Na hapa nakupa jibu la "pe" yako. Ni "pues" hiyo hiyo. Waperu wameikata ikabaki "pe", Wachile wakaikata ikawa "po": "sí po", "ya po". Kwa hiyo "No te paltees, pe" nikiiweka kwa Kiswahili cha kwetu ni "usiwe na presha, bwana". Nimewahi kuwa na kundi la Waperu, na "palta" kwao mtaani ni aibu au wasiwasi. Mtu akiaibika wanasema "¡qué palta!" Kwa hiyo ulisikia vizuri, dada. Masikio yako hayana tatizo, lilikuwa ni parachichi kweli. Na sisi tuna "chai". Mgeni akisikia kijana wa Ipogolo anasema "hiyo chai" atatafuta kikombe, wakati jamaa anasema huo ni uongo.

Lingine: soma kwa sauti, na soma kwa kukata. Hakuna anayesema "nitakuja" mtaani, tunasema "ntakuja". Wao pia "para" inakuwa "pa'", "cansado" inakuwa "cansao", na watu wa Caribbean, wa Andalusia na wa Chile wanaimeza "s" ya mwisho wa silabi. Waandishi wazuri wanayaandika hivyo hivyo kwenye mazungumzo. Ukiyaona kwenye karatasi mara ishirini, siku ukiyasikia hayatakupita.

Mzee_wa_Uyole

Binti, habari za kazi.

Nilisoma kilimo Cuba, Santiago, kuanzia 1983 hadi 1988. Kabla ya kuondoka tulipewa kitabu na kufundishwa miezi michache, kwa hiyo swali lako nalijua kwa miguu yangu.

Huyo kijana wa Ruaha amesema vema. Mimi naongeza la vyakula, maana wewe uko kwenye mazao na hapo ndipo utakapokwama au kupona. Kila zao la nyanda zetu hizi lina jina jingine ukivuka mpaka. Parachichi umeshaliona: Mexico, Cuba na Hispania ni "aguacate", Peru, Chile na Argentina ni "palta". Viazi vyetu mviringo Hispania ni "patata", Amerika yote ni "papa". Hindi bichi Mexico "elote", Peru na Chile "choclo". Ndizi mbivu ukifika Venezuela ni "cambur", visiwani "guineo". Na maharage ndiyo usiseme: Cuba na Mexico "frijoles", Chile na Argentina "porotos", Venezuela "caraotas", Puerto Rico "habichuelas", Hispania "judías" au "alubias". Siku yangu ya kwanza kwenye bwalo la chuo nilisoma ubaoni "moros y cristianos", Wamori, wale Waislamu waliotawala Hispania zamani, na Wakristo. Nikajiuliza leo kuna mhadhara wa historia? Ulikuwa wali na maharage meusi.

Na papai. Kitabu kinasema "papaya", na nchi nyingi ni sawa. Havana usilitamke hivyo mbele ya watu wazima, kule ni jina la sehemu za siri za mwanamke. Tunda lenyewe wanaliita "fruta bomba". Mimi nilikwenda Havana likizo, nikaomba papai dukani kwa sauti ya mtu anayejiamini. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima, akanipa tunda, akanitajia jina lake la pale taratibu mara mbili. Sijasahau mpaka leo.

Kuhusu neno moja kuwa na nchi mbili, kisa hiki nakipenda. Basi kwa Cuba ni "guagua". Darasani tulikuwa na dada wa Chile. Alipofika alituambia kwa huzuni kwamba amemwacha "guagua" wake kwa mama yake. Nilimwonea huruma nikidhani familia ilikuwa na basi la biashara wakaliacha. Kumbe Chile, hata Peru na Bolivia, "guagua" ni mtoto mchanga. Yule dada alikuwa analia usiku kwa ajili ya mtoto wake, mimi nafikiria basi. Nilipoelewa nilikwenda kumwomba radhi, ingawa hakujua kosa langu.

Maneno mengine yanasafiri. "Jama" Cuba ni msosi. Muulize huyo mtaalamu wako "jamear" ni nini kwao, uone.

Parachichi_Rungwe

Shikamoo mzee. Nimemuuliza leo mchana tukila. Akaacha kijiko akaniuliza nimelitoa wapi. "Jamear" ni kula! Akanipa na "jato", nyumbani. Msafiri, hiyo ya "pe" nimeirudia njia nzima nikitembea kurudi. Sasa nikimsikia akiongea na simu nayatoa yale "pe" pembeni kama makapi, na kinachobaki nakijua zaidi ya nusu. Siamini.

Mwalimu_Mafinga

Marafiki, nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 26. Kihispania sijui zaidi ya salamu, mwanangu ndiye anayekisoma chuoni na vitabu vyake viko hapa mezani kwangu. Nichangie upande wa kitabu, maana hapo ndipo nyumbani kwangu.

Haya maneno kwenye sarufi tunayaita misimu, na jina limekaa mahali pake kwa sababu yanakuja na kuondoka. Wanafunzi wangu wa mwanzo kitu kizuri walikiita "bomba". Ukisema "bomba" leo mbele ya kidato cha pili wanakutazama kama umetoka kwenye picha ya zamani. Lakini "poa" ipo, "buku" ipo, "jero" ipo. Kwa hiyo ukishika kitabu cha misemo, kabla ya yote angalia mwaka wa kuchapwa. Kama kina miaka thelathini, kisome ili uwaelewe watu wenye miaka hamsini. Hiyo nayo ni faida, wanunuzi wako wengi huenda ndio hao.

Pili, jifunze kusoma vifupisho vya kamusi. Watu wanaviruka, na ndivyo vyenye dhahabu. Kamusi ya chuo cha lugha cha Hispania, ile Real Academia iliyoanzishwa 1713, karibu na maana inaweka "coloq." kwa neno la mazungumzo, "malson." kwa neno linalochukiza masikio, "desus." kwa neno lililoachwa, halafu nchi: "Perú", "Méx.", "Arg." Mwanangu ananionyesha pia kamusi ya maneno ya Amerika peke yake, iliyotolewa 2010 na umoja wa vyuo vya lugha vya nchi zote hizo, inasomwa bure mtandaoni. Nimetafuta "palta" yako humo, na ni kweli, siyo tunda tu. Siku ukipanda kilimani na bando, usiangalie video. Nenda na orodha ya maneno thelathini uliyoyakusanya, uyatafute yote kwa mpigo, uandike na vifupisho vyake. Maandishi hayali bando.

Tatu ni jambo ambalo naliogopa kwa niaba yako. Kitabu cha misemo kinakupa neno bila mtu. Hakikwambii nani anamwambia nani. Hapa kwetu Mnyakyusa hamwambii mkubwa wake "ugonile", anasema "mugonile" kwa heshima, hata kama mzee yuko peke yake. Kihispania nacho kina "tú" na "usted", na "usted" imetokana na "vuestra merced", kama kumwambia mtu "mheshimiwa". Mwanangu ananiambia Bogotá marafiki wa damu, hata mama na mtoto, wanaitana "usted", na ni mapenzi matupu. Mahali pengine ukimwita rafiki "usted" atadhani umemkasirikia. Argentina "tú" haipo kabisa, ni "vos", na kitenzi kinageuka: "vos tenés".

Na neno la mtaani linaweza kuwa na kidonda ndani. Wewe unatoka Mbeya, utanielewa. Kamusi itamwambia mgeni kwamba maharage ni chakula na Mbeya ni mkoa, na maharage ya Mbeya yanaiva upesi. Yote kweli. Haitamwambia kwa nini mabinti zetu wakifika vyuo vya Dar wakasikia ule msemo wa "maharage ya Mbeya", yaani msichana anayekubali wanaume upesi, wanainamisha macho. Nimewafuta machozi wanafunzi wangu wawili kwa msemo huo. Kwa hiyo kila neno la mtaani unalolipenda la Kihispania, kabla halijatoka mdomoni, muulize mwenye lugha: je, hili linamuumiza nani?

Chipukizi_Kabwe

Mwalimu shikamoo. Kwa kweli hilo la maharage sikuwahi kulifikiria upande huo, na nimelisema mara nyingi. Nimekuelewa.

Mwalimu_Mafinga

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kusema.

Parachichi_Rungwe

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na moja. Nimechukua daftari jipya, kila neno nimeandika nchi, na nimemwachia Inge nafasi pembeni. Nilimwomba kitu kimoja tu, kutokana na maneno ya Mwalimu: kila neno aweke M kama anaweza kumwambia mama yake, na P kama ni la "pata" tu, ndivyo wanavyomwita rafiki kwao. Alikaa nalo Jumapili nzima kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, mvua inanyesha. Mengine aliweka M na P zote mbili. Mawili aliyafuta kabisa kwa kalamu, akasema haya usiyabebe.

Halafu akageuza ukurasa, akaanza kuniandikia ya kwake bila kuombwa, na mzee wa Uyole utafurahi, karibu yote ni ya shambani. Kitu kigumu ni "yuca", muhogo: "está yuca". Kitu rahisi ni "papayita", papai dogo. Mtu mwenye bahati mbaya ni "piña", nanasi. Mtu aliyezama kwenye mapenzi ni "camote", kiazi kitamu. Nilimwambia la papai na Havana, akasema anajua, alishaonywa na Mcuba, na kwao halina shida. Aliweka M.

Kitabu cha Madrid sikukitupa. Nimeandika kwa penseli ukurasa wa kwanza: Hispania. Kile cha misemo nimekiandika hivyo hivyo, na mwaka wake, 1998. Riwaya bado sijapata, Kabwe nimezunguka vibanda vyote vya vitabu. Kama kuna mwenye moja ya Peru au Chile yenye watu wanaoongea sana, nitainunua.

La mwisho. Jana asubuhi lebo za katoni zilikuja zimeandikwa saizi zilizochanganywa, 18 kwenye sanduku la 22, na gari liko njiani kutoka Uyole. Makosa hayakuwa ya Inge, lakini mzigo ule ulikuwa wa majaribio yake, na alisimama katikati ya banda kashika kichwa. Nilikuwa na daftari la mizigo mkononi. Nikawaita wenzangu wanne, tukaanza kubandua lebo moja moja, nikamwambia:

"No te paltees, Inge. Está papayita."

Akashusha mikono. Akanitazama kidogo, akavuta katoni ya kwanza karibu naye akaanza kubandua.

"Ya pe," akasema.